Mama haongei Kiingereza, ila anakiuza Kiboriloni

Wiki yangu ya kwanza kazini huku Uingereza, dada mmoja tuliyekuwa zamu moja alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa nje na gari, ananisubiri anipe lifti. Mimi mguu mmoja uko ndani ya suruali, wa pili unatafuta tundu. Nikamjibu kwa Kiingereza nilichokisoma tangu shule ya msingi hadi chuo: "Wait, I am wearing." Kimya. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Wearing what?" Nikadhani ananichokonoa asubuhi yote ile. Nikasema, "Clothes!" na simu nikakata.

Njiani ndipo nikaona kosa langu lilipo. Kiswahili kina kitenzi kimoja tu, kuvaa, na kazi ya kupambanua inabebwa na kisilabi kidogo. Navaa: mkono bado uko kwenye tundu la shati. Nimevaa: shughuli imekwisha, nguo iko mwilini. Mwingereza kazi hiyo kawagawia wawili. "Put on" ni kule kuingiza mkono, "wear" ni kuwa na nguo mwilini, na akitaka kusema tu kwamba anavaa, bila kutaja anavaa nini, anamkimbilia wa tatu, "get dressed". Ukimwambia "I am wearing" ukanyamaza, anabaki ameshika sentensi mkononi akingoja uimalizie. Mwalimu wetu aliandika ubaoni "wear – kuvaa", tukanakili, tukawekewa vema.

Nayaandika haya kwa sababu kuna watu nyumbani, hasa wadogo zangu waliomaliza chuo juzi, wanaodhani sisi tulio Ulaya tulikuja huku na Kiingereza kimekamilika. Haohao wanadhani Kiingereza cha mama yangu ni cha kuchekwa. Yote mawili si kweli, na la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nami niliwahi kulisema.

Mama anauza mitumba Kiboriloni, mashariki ya mji wa Moshi, barabara ya kwenda Himo. Elimu yake ni darasa la saba. Mzungu akisimama mbele ya meza yake, mama anamwita binti wa jirani aje atafsiri. Lakini msikilize anapofungua belo: hii modo, hii kadeti, hii fomu siksi, skintaiti weka huku, topu kule, sweta za watoto kando, singlendi chini, raba na moka kwenye kiroba. Majina yote hayo ukiyafuata nyuma yanakufikisha kwenye Kiingereza. Ila ni Kiingereza kilichohamia Moshi, kikapata kihamba, kikaoa, na hakina mpango wa kurudi kwao.

Kwa wasomaji wa mbali: modo ni jinzi iliyobana mguu mzima. Kadeti ni ile suruali ya kitambaa kigumu isiyo jinzi, ya kwendea ofisini. Fomu siksi ni fulana yenye kola na vifungo viwili vitatu. Kwa nini ikaitwa kidato cha sita, kila muuzaji ana hadithi yake, na zote nimezisikia.

Nilipofika Uingereza niliingia dukani nikaomba "cadet trousers". Kijana wa duka akafikiri, akanielekeza mtaa wa pili, kwenye duka la mavazi ya jeshi. Kumbe wao wanaita "chinos". Fomu siksi ni "polo shirt". Skintaiti ni "leggings". "Skin-tight" kwao ni sifa ya nguo yoyote iliyobana, haiwi jina la nguo. Gauni nalo: kwetu gauni ni gauni, liwe la sokoni, la kanisani au la kulimia. Kwao "gown" ni la mahafali, la hakimu, au la bibi harusi mwenye pesa zake. La kila siku ni "dress". Raba usiitafsiri kabisa. "Rubber" ya Uingereza ni kifutio cha penseli, na ya Marekani ni kondomu. Kaka yangu aliyeko Houston alijua hilo akiwa mbele ya muuza viatu, na hadi leo hataki kusimulia yote.

Kazi yangu ni kuchambua nguo kuukuu katika ghala moja upande wa Batley, kusini-magharibi ya Leeds. Ndiyo, mitumba ileile. Mimi ninaifunga, mama anaifungua. Nguo inapita kwenye mkanda, una sekunde chache za kuitazama na kuitupia kapu lake. Zile bora kabisa wanaziita "cream" na aghalabu zinabaki hukuhuku Ulaya. Zilizochakaa zinakatwakatwa ziwe vitambaa vya kufutia mashine. Za katikati ndizo zinazokuja kwetu. Utotoni tuliwasikia wazee wakiita mitumba "kafa Ulaya", kwa imani kwamba mtu hawezi kuliachia koti zima namna ile akiwa hai. Hao marehemu nawaona kwenye basi kila siku. Wako hai kabisa. Wamenunua koti jingine tu, tena la rangi ileile.

Siku ya pili msimamizi alinipa agizo moja fupi: belo la Tanzania lisiwe na "pants". Nikatii kwa moyo wote. Karibu saa nzima nilitoa kila suruali iliyopita mbele yangu, jinzi nzima, kadeti ambazo mama angezipokea kwa vigelegele, huku nikijiuliza serikali yetu imekosana nini na suruali. Kumbe "pants" ya Uingereza ni chupi. TBS, shirika letu la viwango, hairuhusu nguo za ndani za mitumba kuingia nchini, na agizo lilikuwa hilo tu. "Pants" niliyoijua mimi, yenye maana ya suruali, ni ya Marekani. Niliiokota kwenye filamu.

Hilo lilichekesha. La mwezi wa pili halikuchekesha. Nilipewa boksi niandike kwa kalamu ya wino mzito kilichomo. Mlikuwa na zile suruali za kike zinazoishia chini kidogo ya goti. Waingereza waliziita "pedal pushers", suruali za kusukumia pedali za baiskeli. Sisi tukakata mkia, zikawa pedo. Nikaandika kwa herufi kubwa: PEDO. Boksi likakaa karibu na lango la kupakilia asubuhi nzima. Kwa herufi hizohizo, Mwingereza anasoma neno la mtaani la mtu anayewadhulumu watoto. Msimamizi alikuja, akaligeuza boksi lielekee ukutani, akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ninayemtuhumu.

Usiku ule nilimpigia mama simu, nikawa mkali. Nikamwambia maneno yenu ya sokoni yanatuaibisha huku. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Aibu ile ilinitoka polepole, na kilichoitoa ni Batley yenyewe. Mzee mmoja pale ghalani, mtu aliyeanza kazi ya matambara akiwa kijana, alinieleza kwamba mwaka 1813 mkazi wa mji huo, Benjamin Law, alipata njia ya kusaga matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kufuma kitambaa cha bei nafuu. Kitambaa hicho kikaitwa "shoddy". Kilichosagwa kutoka nguo ngumu zaidi kikaitwa "mungo", na hapo nilimwomba arudie, maana nilisikia jingine. Leo ukisema kazi fulani ni "shoddy", maana yake ni ya ovyo. Neno la wachambua matambara limepanda likaingia kwenye magazeti na bungeni, na hakuna anayekumbuka lilikotoka.

Nikaanza kuyachunguza maneno yao kama ninavyochunguza kwapa za shati kabla ya kulitupia kapu. Mwingereza alipokwenda India alirudi na "pyjamas", neno lenye asili ya Kiajemi la vazi la miguuni, akaligeuza nguo ya kulalia. "Khaki" ni rangi ya vumbi, nalo limetoka hukohuko. "Cotton" ni qutn ya Waarabu. "Denim" ni kitambaa cha mji wa Nîmes, Ufaransa, na "jeans" ni jina la mji wa Genoa, Italia, lililopita kwenye vinywa vingi. Sijaona Mwingereza aliyekosa usingizi kwa kuitamka pyjama vibaya.

Nasi hatukuanza jana. Karne ya 19, kitambaa cha pamba kilichofika Zanzibar kutoka Massachusetts kiliitwa merikani. Kikabebwa na misafara hadi bara, na watu wakalipana kwacho kama fedha. Nchi nzima tukaifanya jina la kitambaa. Suruali na sidiria tukazipata kupitia kwa Waarabu, shati na koti na sketi kwa Waingereza, na mama naye na wenzake wakaongeza kadeti. Mimi niliyesoma ndiye niliyekuwa naona haya, mama anaendelea kuuza.

Sasa, kuna mahali Mwingereza ametuzidi, nisiwe mbishi. Majina ya vitu anayo. Ghalani natenganisha "jumper", "cardigan", "fleece", "hoodie" na "sweatshirt", kila moja na kapu lake. Kwa mama zote ni sweta, labda sweta ya vifungo au sweta ya kofia. Sababu ni baridi tu. Hata Arusha ya Julai, na manyunyu yale ya Meru yanayokufanya uchelewe kazini, haijafikia baridi ya kuzaa majina matano ya sweta. Moshi ndiyo kabisa.

Ila jina la kitu ni jambo moja, na kumwambia mtu habari ya nguo aliyovaa ni jambo jingine. Hapa ndipo napokumbuka nyumbani.

Siku moja msimamizi wangu alikuja na jaketi jipya, la kijani kibichi, limempendeza hasa. Nikamwambia, "It fits you." Nilitaka kusema limekukaa. Kwetu nguo ikimkaa mtu basi kipimo na uzuri vimekubaliana, huhitaji neno la pili. Kwao "fit" ni kipimo peke yake, "suit" ni kupendeza, na nguo ikiendana na nyingine ni "match" au "go with". Alichosikia yeye ni kwamba nimeshangaa limewezaje kumwingia. Akashusha zipu taratibu, akaenda kunywa chai.

Na hata ningepatia, angejitetea. Mwambie mwanamke wa Leeds gauni lako zuri, atakuambia haraka alilinunua kwa pauni 5, au atatumbukiza mikono ubavuni akuonyeshe kwamba lina mifuko. Sifa kwao ni kama deni, lazima ulipunguze papo hapo. Kwetu ukiambiwa umependeza unasema asante, na aliyekusifu tayari ameshahamia kwenye habari za watoto.

Nenda Kiboriloni ujaribishe blauzi uone kama utaachwa peke yako. Unaivaa juu ya nguo zako, mbele ya kipande cha kioo kilichofungwa nguzoni kwa kamba. Muuzaji anasema imekutoa, hiyo ni kazi yake. Lakini mwenye meza ya pili, ambaye hapati hata senti, atadakia: dada, inapwaya mabegani, mpe fundi apunguze. Mama aliyekuja kununua vitunguu atashika kitambaa kati ya vidole viwili na kutoa hukumu: hii itachuja, usiifue na nyeupe. Bodaboda naye ana maoni. Kupwaya, kubana, kurudi, kuchuja, kupauka, kufumuka. Vitenzi vyote vya nguo nimevijua nikiwa nimesimama pale kama mti, mikono juu, watu wanazunguka. Maneno ya Kiingereza ya mambo hayo yapo, "baggy", "shrink", "fade" na mengine. Nimeyajua yote kwa kusoma. Sijawahi kuambiwa hata moja na mtu niliyesimama naye dukani. Huku unaingia kichumba, unavuta pazia, mko wawili na kioo, chini ya taa inayokufanya uonekane mgonjwa.

Halafu fundi. Gauni nilinunua pauni 6 kwenye duka la hisani, yale yanayouza vitu ambavyo watu wamevitoa bure. Kupandisha pindo nikatajiwa pauni 15. Nikalivaa hivyohivyo linaburuza. Nyumbani fundi yuko barazani na cherehani yake, chai haijapoa pindo limekwisha, na amekuonya kwamba mwaka kesho utataka liachiwe tena, kwa hiyo amebakiza kitambaa ndani.

Sitaki kudanganya, kuna siku naushukuru ukimya wa Leeds. Kule kwetu anayekuambia gauni limekukaa ndiye atakayekuambia pia kwamba umeongezeka, tena kwa sauti ya kusikika hadi stendi.

Mwaka jana mama alitupigia simu ya video akiwa sokoni, mimi Leeds na kaka Houston. Ameshika kile kivazi kisicho na mikono, cha kuvaliwa ndani ya koti la suti. Akauliza, wanangu, hiki wazungu wanakiitaje, kuna kijana anasoma chuo ananiambia nimekosea. Kaka akasema ni "vest". Nikamwambia acha kupotosha mzazi, "vest" ni singlendi, hicho ni "waistcoat". Akasema labda kwenu huko kwenye mvua. Nikamkumbusha kwamba huko kwake "suspenders" ni mikanda ya mabegani ya kushikia suruali, na kwetu huku ni vile vishikizo vya kike vya kushikilia soksi ndefu, kwa hiyo asinifundishe. Akaniambia ndiyo maana mtu akimwita "smart" Houston anamsifia akili, na sisi huku tunasifiana kupiga pasi. Tukaendelea hivyo. Kwenye skrini mama alisikika akisema, "Kizibao, baba, elfu nane," kisha mikono miwili ya mteja ikapita, na tulipotulia vazi lilikuwa limeshaondoka.

Ningekuwa mwalimu wa Kiingereza Moshi, somo la nguo ningelianzia pale sokoni, au Memorial, soko jingine la mitumba hapohapo Moshi. Daftari la mpwa wangu lina "mittens" na "earmuffs", vitu vya kuvaa kwenye theluji, na mtoto hajawahi kuona theluji isipokuwa ile ya Kibo, ambayo nayo haiteremki. Halina hata neno moja analolisikia kwa bibi yake. Mtoto anakuja shule na shati, sketi, koti, blauzi, sweta, soksi, tai, zipu, vyote mkononi, na sisi tunamwambia ayaweke chini aanze upya. Ningemwambia: haya unayo. Hili ukienda Uingereza lina maana hii, Marekani lina maana ile, na hili moja usiliandike kwenye boksi kamwe. Ningemleta mama darasani asome lebo. Anazijua: "wool" anaipapasa kwanza kisha anasoma kuhakikisha, "100% cotton" anaipandishia bei, na "dry clean only" anaita ile ya kutofua, humwambia mteja ukweli, na mteja huifua.

Desemba nilikwenda nyumbani, kama Mchagga yeyote mwenye nauli. Tarehe 23 soko limefurika watu wa Dar wanaotafuta masweta ya kupandia mlimani. Nikakaa nyuma ya meza na mama. Akaja mama mmoja, akavuta koti zito lenye kofia ya manyoya, akaniuliza, "Dada, hii inaitwaje?" Nikafungua mdomo. Nilikuwa na "parka", nilikuwa na "padded", nilikuwa na miaka saba ya ghala kwenye ulimi.

"Ni jaketi la baridi, mama," mama yangu akasema. "Vaa."

Akavaa. Mwenye meza ya pili akaacha alichokuwa anafanya, akatazama mgongo, akatikisa kichwa kukubali. Kwenye kola palikuwa na stika ya duka la hisani, 4.50, na ile alama ya pauni. Mteja akaiona.

"Na hii nne na nusu ni nini?"

Mama akaibandua kwa ukucha. "Ya kwao hiyo. Hapa ni elfu kumi na tano."

"Kumi."

"Jitazame kwanza," mama akasema, akanigeukia. "Mama, mshikie kioo."